Njoo Unionjee Chumvi

Assalaam alaykum, jamaa, na nyinyi ndugu zetu Wakristo, hamjambo nyote. Mwenyekiti kanishika mkono tangu mlangoni ananiambia, sema kwa ufupi, watu wana njaa. Mwenyekiti, mie mpishi. Watu wenye njaa ndio wanaosikiliza. Kwa hiyo kaeni vizuri, maana sufuria ile pale pembeni haifunguliwi mpaka nimalize.

Nimeomba kusimama kwa sababu ya dada mmoja aliyesimama hapahapa mkutano uliopita. Alituambia mgongo wake umekataa, kazi aliyoijua maisha yake yote haiwezi tena, na haoni yeye ni nani sasa. Tulimchangia, tukamwombea, tukaenda zetu. Mie nikarudi kwangu Bani Malik, hapahapa Jiddah, na neno limenikaa kooni. Leo nalitoa.

Ndugu zangu, nawaambieni, nilikuwa mpishi hasa. Sijisifu. Ah, kwani nisijisifu kwa nini? Najisifu! Nilizaliwa Riyadh, Al-Murabba, nyumba ya kupanga ya ghorofa ya chini. Wazee wangu walitoka Unguja wakati ule wa misukosuko ya sitini na nne, na bibi yangu mzaa mama alikuja na kibao cha mbuzi cha kukunia nazi na lugha yake, vitu vingine vyote akaviacha. Jikoni kwake ndiko nilikokulia. Mnajua desturi yetu ya Ramadhani: mpishi kafunga, haonji, basi huitwa mtoto ambaye bado hafungi aje aonje chumvi. Mtoto huyo alikuwa mie. "Njoo unionjee chumvi!" Nakimbia, natiliwa tone la mchuzi kiganjani, nalamba, nasema kitamu.

Nami nawaambia, bibi aliniita Ramadhani na isiyokuwa Ramadhani. Mwezi wa sita, mwezi wa nane, hajafunga, hana swaumu ya sunna wala ya kulipa, lakini ananiita. Nilijua ni mapenzi tu. Lishikeni neno hilo, nitalirudia.

Nilipokua nikaingia kazini katika jiko la ukumbi wa harusi, hukohuko Riyadh. Mandi. Wageni wa kwetu waliofika juzi, mandi ni nyama ya kondoo inayoiva ndani ya shimo la moto, wali uko chini yake unakunywa mafuta, shimo linafunikwa na kuzibwa. Nilianza kwa kumenya vitunguu nikafika kuwa mkuu wa shimo. Watu waliacha kumwuliza mwenye ukumbi kama kuna nafasi, wakawa wanauliza kama Mzanjibari yupo. Hivyo ndivyo walivyoniita, na nilitembea kifua mbele.

Kisha ikaja ile homa iliyofunga dunia. Mie sikuugua sana, siku chache za kikohozi na kichwa. Lakini nilipoinuka kitandani, pua ilikuwa imekufa, na ulimi umeifuata. Nilitia hiliki mdomoni nikatafuna: kama natafuna karatasi. Nikatia chumvi: mchanga. Daktari akasema itarudi, subiri. Nikasubiri. Kumbi zikafunguliwa, harusi zikarudi, pua haikurudi.

Sikumficha mtu kazini, maana jiko si mahali pa kuficha. Nilimwambia mkuu wa jiko, akacheka, akasema mikono yako inajua. Mikono ilijua, lakini mie sikuiamini. Nilitia chumvi, nikajiuliza, hivi nimeshatia? Nikatia tena. Siku moja sinia zilirudi jikoni zimejaa, watu hawakugusa wali. Siku nyingine gesi ilikuwa inavuja mbele ya uso wangu, sikusikia harufu, nikawasha kiberiti. Niliunguza nyusi tu, alhamdulillahi, lakini baada ya hapo mkuu hakucheka tena. Akanihamishia kwenye masinki. Mkuu wa shimo anaosha masufuria, na vijana niliowafundisha kuosha mchele wanapita nyuma yangu wakitazama chini.

Hapo ndipo nilipoanguka, jamaa. Kuosha masufuria si aibu, kuna watu humu wameosha masufuria na kusomesha watoto. Aibu yangu ilikuwa mezani. Mama yangu alikwishahamia huku Jiddah kwa dada yangu, na kila nikishuka kumwona ananipikia. Nikawa nakaa mbele ya sahani ya mama yangu mzazi nakula karatasi, na yeye ananitazama usoni. Nikaacha kuja. Nikasema kazi nyingi. Sikumwambia kwa nini. Kuna mwanamume humu anatikisa kichwa, naona unanielewa.

Sasa sikilizeni ajabu ya Mungu. Kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu cha kazi, ana mpwa wake, kijana mwenye mali na kichwa kigumu, mapenzi yake ni bahari. Alikuwa na yoti ya matanga, imefungwa mbali kule, Bahari ya Pasifiki, visiwa ambavyo hata kwenye ramani lazima uweke miwani. Alitaka akae huko miezi mingi, na kila mpishi anayempeleka anaugua bahari na kuomba ndege ya kurudi. Akaja Riyadh kumwuliza mjomba wake, na mjomba akasema, chukua Mzanjibari, hao ni watu wa bahari.

Watu wa bahari! Mie mtoto wa Al-Murabba, maji mengi niliyoyaona ni ya kudeki ukumbi. Nikamwambia kweli: bosi, bahari siijui, na pua yangu haisikii kitu. Akasema, yalla, twende Jiddah tukujaribu.

Tukatoka ghuba ya Abhur na mashua ya rafiki yake, siku ya upepo mkali. Watu wakaanza kutapika mmoja mmoja, na bosi mwenyewe, bingwa wa bahari, akawa wa kijani. Mie niko chini, kwenye jiko dogo la gesi, harufu ya dizeli na samaki wa kukaanga imejaa, wanavyosema wao, na mie namgeuza samaki wangu kwa raha zangu. Harufu ndiyo inayowamaliza watu, na mie sina harufu. Bosi akachungulia, ameshika mdomo.

"Ya Zanjibari! Hutapiki?"

"Sina sababu, bosi."

"Halas. Wewe ndiye."

Mnaona? Kile kilichonitoa jikoni Riyadh ndicho kilichonipa jiko jingine. Lakini aliweka sharti, naye alikuwa mtu wa kauli moja. Mwenyewe hana habari na chakula, hula tuna ya kopo akashukuru. Mkewe ndiye mwenye ulimi, na baba wa mkewe ni mzee wa Riyadh ambaye nilishawahi kumpikia harusini. Hao wawili watakuja kutuona kisiwani kwa Iddi. "Wakila, unabaki mpishi wangu miaka. Wasipokula, unarudi masinkini." Basi hapo ndipo lilipokaa jina langu lote: kwenye sinia moja ya Iddi.

Tukaruka ndege juu ya ndege mpaka Tahiti, tukapanda yoti, tukaenda na upepo upande wa magharibi. Tulikuwa watatu: bosi, mie, na nahodha, Mfilipino mtu mzima, Mkristo, mpole, hodari kupita kiasi. Nitakuwa mwongo nikisema sikuyapenda maisha yale. Jiko la yoti linaning'inia, chombo kikilala upande jiko linabaki wima, na mpishi anafungwa mkanda asirushwe. Vyombo tunaosha kwa maji ya chumvi, maji matamu ni ya kunywa tu. Asubuhi unapanda juu unakuta samaki wenye mabawa wamejirusha wenyewe, unaokota kifungua kinywa. Tukikaribia kisiwa nahodha anapanda mlingotini kutazama rangi ya maji, pale palipo na mwamba panaonekana hudhurungi, palipo na njia panaonekana buluu, na mie ndiye ninayeshika usukani! Mjukuu wa Al-Murabba! Dada wa Mombasa, cheka tu, lakini nilipita milango ya mwamba ambayo ungeifumbia macho.

Upishi ndio uliokuwa msiba. Mwonjaji wangu alikuwa nahodha, na nahodha kila nikimwonjesha anatafakari, anasema, "Tia siki." Mchuzi wa kuku: tia siki. Maharage: tia siki. Biriani, ndugu zangu, biriani ya kwetu, akafumba macho kama sheikh, akasema, "Nzuri. Siki kidogo." Nikaona huyu atanirudisha Riyadh mapema.

Ramadhani ikatukuta Tonga, tumetia nanga mbele ya kijiji kimoja. Msafiri ana ruhusa ya kula, lakini bosi alisema tumetulia, tunafunga. Jioni ya kwanza nikampikia futari. Akaanza na tende, akanywa maji, akatia kijiko mdomoni. Akaweka kijiko chini, akanywa maji tena, akaenda kuswali. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Nahodha akaonja kilichobaki akaniambia polepole kuwa leo hata siki haisaidii. Nilitia chumvi mara mbili, yaleyale ya Riyadh.

Kesho yake nahodha akaniburuta kijijini, akisema mtu hawezi kutia nanga mbele ya nyumba za watu asishuke kusalimia. Mkono mtupu haulambwi, nikachukua mchele na sukari. Tukapokewa na mama mmoja mnene, mchangamfu, yeye na jamaa zake walikuwa wanaandaa chakula cha kanisani. Nikatazama kilichokuwa mbele yake nikasimama pale pale. Majimbi. Ndizi mbichi. Muhogo. Nazi zinakunwa kwenye chuma chenye meno, mtu kakikalia, sawasawa na mbuzi ya bibi. Na mashelisheli, ndugu zangu, mashelisheli rundo! Bibi yangu alikufa Riyadh akiyataja mashelisheli. Mjini pale ulikuwa unapata tufaha la Amerika na zabibu za Chile, shelisheli hupati. Na mie nimeyafuata mwisho wa dunia bila kujua.

Machozi yakanitoka, na mama yule hakuuliza, akanipa kisu nimenye.

Sasa kuna shimo lao. Wanachimba, wanachoma mawe mpaka yawe meupe, wanapanga chakula kwenye majani, tui limefungwa ndani ya majani, wanafunika, wanafukia udongo, wanaondoka. Nikamwuliza kwa ishara na Kiingereza changu cha jikoni: unajuaje kama kimeiva? Unaonja saa ngapi? Akanitazama kama nimeuliza jambo la kijinga. Akanionyesha mawe: alitema mate kidogo kwenye jiwe akasikiliza lilivyochachatika. Akanionyesha kiganja chake, alivyopima maji ya chumvi kwa kuyateka mara moja akayamwaga ndani ya tui. Akafukia, akapangusa mikono, akaenda kukaa na wenzake kucheka. Haonji. Shimo limefungwa, angeonjaje? Na nikakumbuka kuwa hata mandi, miaka yote ile, nilikuwa nalifunga shimo na kuondoka. Hakuna mtu aliyewahi kuonja nyama iliyo ndani ya shimo.

Nikarudi kwenye yoti alasiri ile nikampigia mama. Bosi alikuwa na intaneti ya setilaiti. Huku Jiddah ilikuwa asubuhi, kashamaliza Alfajiri. Nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja: pua, ulimi, masinki, kwa nini sikuja kula kwake. Nilitegemea alie. Akanishtua kwa kicheko, mama yangu huyu.

"Ndiyo hilo tu? Mie nilidhani umeoa kwa siri."

"Mama, mie mpishi. Pua imekufa."

"Na ya bibi yako je?"

Nikasema, bibi? Ndipo aliponiambia. Bibi aliugua homa kali mwaka wao wa kwanza Arabuni, na tangu siku hiyo hakusikia harufu wala ladha mpaka anaingia kaburini. Alimkataza mama asimwambie mtu, maana mwanamke wa ukoo wao kuondolewa jikoni ni sawa na kufiwa. Harusi za Waunguja wote wa Riyadh, hitima, futari, maulidi, vyakula ambavyo mpaka leo wazee wanavitaja wakimeza mate, alivipika mtu asiyesikia kitu.

Nikasema, basi ndiyo maana aliniita nimwonjee! Mie ndiye niliyekuwa ulimi wake!

Mama akacheka tena. "Wewe? Ulikuwa mwongo wewe! Kila kitu unasema kitamu, unataka tone la pili. Hakupika kwa ulimi wako hata siku moja. Alipika kwa kiganja na kwa sikio. Mara moja nilimwuliza, mama, mbona unamsumbua mtoto? Akasema, simwiti kwa chumvi. Namwita asimame karibu, nisiogope."

Jamaa, nipeni maji.

Ahsante. Niendelee. Tangu jioni ile sikumwonjesha nahodha tena. Nilimwita asimame karibu. Anasimama mlangoni mwa jiko, ananisimulia watoto wake wa Manila, na mie natia chumvi kwa kiganja, mara moja, na siitii tena. Kitunguu kikiwa kibichi kinapiga makelele mafutani, kikiiva sauti inazama. Mchele uliolowa unavunjika kwa kucha bila ubishi. Haya yote nilikuwa nayo tangu utoto, nilikuwa nayasikiliza bila kujua nasikiliza. Bosi akaanza kumaliza sahani. Siku moja akaomba ya pili, na mtu yule hana habari na chakula.

Iddi ikafika. Madam, mke wa bosi, na baba yake wakaletwa kwa boti kutoka uwanja wa ndege, wamechoka, wamenuna. Niliomba ruhusa kwa yule mama wa kijiji tukachimba shimo jipya, letu, lisilowahi kuingia nguruwe. Kondoo alikuwa wa barafu kutoka Nyuzilandi, mwenye muhuri wa halali. Nikamfanyia mandi, wali chini, nyama juu, na kando yake, ndani ya majani, futari ya bibi: mashelisheli na majimbi katika tui zito. Nikafunga. Nikafukia. Nikapangusa mikono nikaenda kukaa.

Tulipofukua, watu wote wakarudi nyuma kidogo wakavuta pumzi. Mie niliwatazama pua zao.

Sinia ikawekwa kwenye mkeka. Mzee akala. Madam akala, akageukia majani, akaonja shelisheli, akauliza hiki ni nini, akala tena, akala tena. Bosi ananitazama mie. Kisha mzee akanyoosha mkono kwenye bega la kondoo, akang'oa kipande kizuri kuliko vyote, akainua macho kunitafuta niliposimama.

"Kaa," akasema. "Mpishi wa shimo la Riyadh ni wewe. Nimekujua kwa wali."

Akasogea, nikakaa, akaniwekea kile kipande mbele yangu kwa mkono wake, kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima. Bismillahi, nikala. Sikusikia kitu, ndugu zangu. Karatasi. Nikatafuna karatasi ile nikilia kwa furaha, maana nilitazama nyuso zote zilizozunguka sinia ile, na nikajua chumvi imekaa sawa.

Nilibaki kwenye yoti mpaka bosi alipoiuza. Nimepikia wafalme wa vijiji, mapadri, Wafaransa wenye kiburi cha chakula, na hakuna sahani iliyorudi na kitu. Leo nina jiko langu hapa Jiddah, mnalijua, mnalidai biriani kila harusi. Na mnaniuliza, je, pua imerudi? Haijarudi. Daktari hasemi tena subiri. Nami siisubiri.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mama wa Tonga, sijui hata kulitamka vizuri jina lake, aliyenipa kisu badala ya pole. Namshukuru nahodha na siki yake. Bosi namshukuru kwa kauli yake moja, alisema nitabaki na nikabaki. Na wewe dada wa mgongo, uko wapi, usijifiche nyuma ya mwenzio: kazi yako haikuwa mgongoni tu. Kaa uitafute ilipojificha, na wakati unaitafuta, mwite mtu asimame karibu. Sisi tupo. Tumejaa tele humu, hatuna kazi ya maana.

Sasa, sufuria. Nimeipika tangu asubuhi, haijaonjwa na mtu. Ila nilimchukua bibi mmoja nikamketisha kwenye kiti mlangoni mwa jiko, yule pale mwenye buibui la maua, mama yangu mzazi, anayejifanya hanisikii. Nilipomaliza nikamwita: Mama, njoo unionjee chumvi. Nikamtilia tone kiganjani, akalamba, akasema kitamu.

Naye mwongo kama nilivyokuwa mie, alitaka tone la pili. Fungueni, tule.